Santuri Zimepata Wanunuzi, Sasa Zitafutiwe Mashahidi

Katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi, penye moshi wa nyama choma na vibanda vya wasusi, pana kibanda cha santuri ambacho kwa miaka sasa kimekuwa kituo cha wapenzi wa muziki wa zamani. Mteja huchutama mbele ya kasha, akapekua sahani moja moja kwa vidole viwili, akasoma lebo, akageuza upande wa pili, kisha akaiinua kwenye mwanga kuangalia mikwaruzo. Wapo wazee wanaotafuta wimbo uliopigwa siku ya harusi yao. Wapo vijana waliozaliwa wakati hata kaseti imeshaanza kusahauliwa. Na wapo wageni kutoka Ulaya na Marekani wanaoijua namba ya toleo la sahani ya Tanga au Kisumu kuliko wenyeji wa Tanga na Kisumu.

Santuri zimerudi, na hilo si maneno ya wapenzi wake tu. Nchini Marekani, mwaka 2022, ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, na ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 kwa santuri kuipita CD kwa idadi. Wimbi hilo limezifikia na sahani za Afrika Mashariki, zile za miaka ya 1950 hadi 1980 ambazo nyingi zilikuwa zimelala stoo, zimepinda kwa joto, zimeliwa na vumbi. Sasa zinatafutwa, zinasafishwa, zinapewa bei. Ni jambo jema, na hakuna haki ya kumlaumu mtu anayenunua kwa fedha yake kitu ambacho mwenyewe alikuwa amekitupa.

Hata hivyo, kinachookolewa kwa njia hii ni nusu ya mali. Sahani inapata mlinzi. Yule aliyeinunua ikiwa mpya, aliyeicheza, aliyeposwa huku inalia, anaachwa azeeke na habari zake. Kwa muziki wa Afrika Mashariki hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu sahani za huku zilichapwa na maelezo machache mno. Jina la bendi, jina la wimbo, pengine jina la mtunzi, basi. Mengine yote yalibaki vichwani mwa watu.

Sababu mojawapo ni ufupi wa sahani yenyewe. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika, ya inchi 10, ilibeba takriban dakika tatu kila upande, na waimbaji wa mwanzo wa Afrika Mashariki waliimba wakiwa wamebanwa na dakika hizo. Siti binti Saad, binti wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 pamoja na wapigaji wake, akarekodi kwa kampuni ya HMV, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe la gramafoni. Sahani zake zilikuwa nzito, za utomvu mgumu, na zikianguka sakafuni zilivunjika vipande. Zikauzwa pwani nzima na bara. Asiye na gramafoni alizisikia mkahawani, kikombe cha kahawa mkononi.

Taarabu ya Unguja haikuimbwa kwa dakika tatu. Ubeti uliomgusa mtu ulirudiwa, msikilizaji akanyanyuka kutunza, mwimbaji akaurudia tena kwa kumtazama yule aliyetunza, na hadhira ikajua nani kasemwa. Mbele ya mashine ya kurekodi hayo yote yaliondoka. Yakabaki maneno machache, fidla, udi na kidumbaki cha mbali. Wimbo wa Siti uitwao "Kijiti", kwa mfano, unasimulia mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea, na kesi iliyokwisha kwa mashahidi kuadhibiwa ilhali mtuhumiwa katoroka. Mkazi wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, aliyeusikia alikuwa na habari za mtaa za kujazia. Aliyeusikia Lamu au Tanga alipata kile tu kilichoenea kwenye sahani.

Siti anafahamika leo kuliko waimbaji wengi wa rika lake, na santuri peke yake zisingemfikisha hapo. Shaaban Robert alimwendea akiwa bado hai, akamsikiliza, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti akafariki mwaka 1950. Kwa hiyo Waswahili wana sauti yake kwenye sahani na wana maisha yake kitabuni, na vitu hivyo viwili vinashikana. Ni waimbaji wangapi wengine wa enzi ya gramafoni waliopata bahati hiyo? Wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Zikaja sahani nyepesi za plastiki. Zile ndogo za inchi 7, za mizunguko 45, kampuni ya RCA ilizitoa Marekani mwaka 1949, na baadaye zikawa ndiyo sahani za baa, za kijiweni na za sebuleni kote Afrika Mashariki. Upande mmoja uliingia dakika nne, tano kwa kubana. Na bendi za dansi zilikuwa na tabia ya kuanza wimbo polepole, maneno yasikike, kisa kieleweke, halafu magitaa yakazane na tarumbeta ziingie, wimbo uchemke. Dakika tano hazitoshi. Watengenezaji wakaukata wimbo vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule.

Hapo ndipo ilipozaliwa kumbukumbu ambayo rekodi haiwezi kuihifadhi. Sehemu ya kwanza ikifikia mwisho, sauti ilizimishwa taratibu huku solo limeanza kupamba moto. Mtu aliyekuwa karibu na mashine aliinua mkono wa sindano, akaitoa sahani kwenye kile kipande cha plastiki kinachoziba tundu kubwa la katikati, akaigeuza, akapuliza vumbi, akashusha sindano tena. Muda wote huo wachezaji walisimama walipo, wameshikana, wanasubiri chemko. Wengine waliongea maneno waliyokuwa wakiyaogopa wakati muziki unapiga. Muulize mtu yeyote aliyekuwa kijana miaka ya 1970 kuhusu huo muda wa kugeuza sahani, na atakueleza mengi kuliko atakayokueleza kuhusu wimbo wenyewe. Kwenye simu ya leo sehemu zile mbili zimeunganishwa, au ya pili haipo kabisa, na anayesikiliza hajui kwamba katikati palikuwa na ukimya wa watu.

Mashine nazo zilikuwa na mambo yake. Sindano ikichakaa iliruka, basi ikabandikwa sarafu juu ya kichwa chake iielemee. Vijijini pasipo umeme zilitumika zile za betri, ambazo mfuniko wake ulikuwa ndio spika, na betri zikidhoofika zilianikwa juani ili zipate nguvu ya nyimbo chache zaidi. Zikifa kabisa, sahani ilizunguka kivivu na sauti ya mwimbaji ikashuka ikawa nzito kama ya mtu anayesinzia. Watoto wa nyumba zile waliujua wimbo kwa mapigo yake na kwa mkwaruzo wake. Mpaka leo, wanapousikia ukiwa umesafishwa studio, husubiri sindano iruke pale ilipokuwa ikiruka.

Santuri vilevile zilileta dunia. Kuanzia mwaka 1933 HMV ilitoa mfululizo wa sahani za muziki wa Kilatini uliojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa za Kuba, na sahani ya kwanza kabisa ilikuwa na "El Manicero" ya Don Azpiazú. Zilimiminika Afrika, na athari yake kwenye rumba la Kongo inajulikana vizuri. Morogoro nako hazikupita bure. Salum Abdallah alianzisha bendi mwaka 1948 kwa jina la La Paloma, kisha ikaitwa Cuban Marimba, na sahani zake zilizotolewa kwa lebo ya Mzuri, mali ya duka la Assanand la Mombasa, zinaonyesha kijana wa mji wa mkonge aliyeisikia Havana kupitia sindano tu, akaigeuza kuwa yake. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Wimbo wake "Mkono wa Idd" bado hurudi redioni kila sikukuu, na kuna nyumba ambazo Idi haijafika mpaka upigwe.

Kisa cha Kapkatet, nchini Kenya, ni cha aina yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi huko wasichana wa Kikipsigis wakiimba kumsifu kiumbe waliyemwita Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake iliwafikia kwa gramafoni. Kwa wasichana hao akawa nusu mtu nusu mnyama wa porini, na sifa zake zikaimbwa kwa Kikipsigis. Sahani za Rodgers zimejaa duniani. Kilichohitaji mtu kwenda kukisikiliza ni walichokifanya wasichana wale kwa kile walichokisikia.

Lebo ya sahani, ile karatasi ya duara, huaminiwa kuliko inavyostahili. "Malaika" ndio mfano mkubwa. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na jina lake ndilo lililochapwa. Miriam Makeba akauimba, na mwaka 1965 ukaingia kwenye albamu aliyofanya na Harry Belafonte, iliyopata tuzo ya Grammy. Boney M nao wakaurekodi. Lakini mwanamuziki mwingine, Adam Salim, alidai mpaka uzeeni kwamba alikuwa ameutunga katika miaka ya 1940, na yapo majina mengine yaliyotajwa. Mahakama ya wasikilizaji haijamaliza kesi hiyo, na haitaimaliza tena kwa sababu Fadhili na Salim wote wamekwisha kufa. Kama mtu angekaa na wanamuziki wa Nairobi na Mombasa wa miaka ile, mmoja mmoja, mapema, akarekodi nani aliusikia kwa nani na wapi, leo pangekuwa na cha kupimia. Pesa nyingi zilipita juu ya wimbo ule. Jina kwenye lebo si jambo dogo.

Itasemwa kwamba kumbukumbu za wazee hazitegemeki. Ni kweli, mzee huchanganya miaka, humpa marehemu rafiki yake gitaa ambalo lilipigwa na mwingine, husema Arusha akimaanisha Moshi. Lakini sahani nayo hukosea: majina hupotoshwa tahajia, wapigaji hawatajwi, mtunzi huachwa. Namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo inaweza kumsahihisha mzee kuhusu mwaka. Mzee anaweza kuisahihisha lebo kuhusu mtu. Ushahidi wa namna mbili ukikutana ndipo historia inapopatikana, na sasa hivi Afrika Mashariki inatunza, tena kwa shida, namna moja tu.

Uhaba huo una sura tofauti Kenya na Tanzania, na tofauti hiyo imetokana na siasa na viwanda. Nairobi ilikuwa na studio, kampuni na mitambo ya kuchapa sahani. Dar es Salaam haikuwa na kiwanda cha kuchapa. Bendi za Tanzania zilirekodiwa kwa wingi na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu, kwa ajili ya kurushwa hewani, na nyingi ya nyimbo hizo hazikuwahi kuwa sahani hata siku moja. Bendi iliyotaka santuri ilifunga safari kwenda Nairobi. Kisha mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983.

Kwa hiyo Mtanzania wa miaka 65 na Mkenya wa miaka 65 wanaweza kuupenda wimbo uleule wa dansi na kuukumbuka kwa njia mbili. Mkenya anakumbuka sahani: rangi ya lebo, duka la River Road au la Tom Mboya Street alikoinunua, mashine ya baa iliyopiga kwa sarafu. Mtanzania anakumbuka redio: saa ya kipindi, kadi za salamu, sauti ya mtangazaji akitaja mtindo wa bendi, Msondo wa NUTA, Saboso wa Western, Kiweka cha Atomic. Anayetaka kuandika habari za muziki huu kwa kutumia santuri peke yake ataandika habari za Nairobi zaidi na kuiacha nusu ya Tabora, Dodoma na Tanga gizani.

Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe aliyaishi yote mawili, sahani na redio. Akiwa na Morogoro Jazz alikwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo ya Osaka mwaka 1970. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na Nairobi ikamrekodi na kumsambaza, "Shida" ukawa wimbo wa kila nyumba. Akafariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, mpaka ukiwa bado umefungwa. Wapenzi wake wa nchi mbili waliomboleza kutoka pande mbili za mstari mmoja. Sahani zake zinapatikana, zimekusanywa, zimetolewa upya kwenye CD na mitandaoni. Waliojaza ukumbi wa dansi Morogoro walipokuwa na umri wa miaka 20 sasa wanakaribia miaka 75 au wameipita, na wengi wao hawajaulizwa swali lolote na mtu yeyote.

Bendi za Wanyika nazo ni watoto wa njia hiyohiyo ya Nairobi. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakapita Arusha, wakaingia Mombasa mwaka 1971, wakajiita Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakajitenga Nairobi wakaunda Les Wanyika, na mwaka uliofuata ukatoka "Sina Makosa". Weka sahani hiyo leo na usikilize chini ya sauti ya mwimbaji. Gitaa la ridhimu la Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, linatembea bila haraka, halipandi, halishuki, na besi ya Tom Malanga inajibu katika nafasi zilizoachwa wazi. Ngoma za Rashid Juma ni nyepesi mno. Hakuna anayejionyesha. Ni vigumu kutaja rekodi nyingine ya Kiswahili ya miaka ile yenye wapigaji wanaosikilizana namna hiyo, na bado kwa miaka mingi msikilizaji wa kawaida hakulijua jina hata moja la wapigaji hao zaidi ya waimbaji. Profesa Omar alifariki mwaka 1998. John Ngereza, sauti iliyobeba bendi, akamfuata mwaka 1999.

Na wimbo huo umebeba nini kwa waliokuwepo? Kwa wengine ni mwaka wa ajira ya kwanza mjini. Kwa wengine ni ugomvi wa ndoa, maana maneno yake yanagusa mapenzi ya watu ambao tayari wana wenyewe, na si kila aliyeucheza sebuleni aliucheza bila kumtazama mtu. Hayo hayamo kwenye kasha. Yakikusanywa kutoka kwa watu mia moja wa miji kumi, yatakuwa historia ya mapenzi, kazi na mji wa Afrika Mashariki mwaka 1979, na hakuna hati ya serikali itakayoweza kuieleza hivyo.

Inawezekana, kwa sababu imeshafanywa. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa mwaka 2008 kazi juu ya muziki wa benga ambayo iliweka pamoja nyimbo, kitabu na filamu ya wanamuziki wenyewe wakisimulia, kisha ikafuata na muziki wa Kikuyu na nyimbo nyingine za Kenya za miaka ya 1970. Mfululizo wa Zanzibara, uliotayarishwa na Werner Graebner na kutolewa Ufaransa na Buda Musique, umerudisha sahani za taarabu ya Mombasa na dansi la Tanzania zikiwa na majina ya wapigaji na habari zao. Nyimbo za George Mukabi, fundi wa gitaa la omutibo wa magharibi mwa Kenya aliyeuawa mwaka 1963, zilitolewa upya kwenye santuri na kampuni ndogo ya Marekani. Anayezisikiliza anasikia mlio mkavu unaoshika mapigo nyuma ya gitaa. Ni chupa ya Fanta, mifuo yake ikigongwa na kukwaruzwa kwa chuma. Mgeni hawezi kuujua mlio huo mpaka aambiwe na mtu wa kwao.

Hata upande wa Kongo pana la kufuatilia. Mwenda Jean Bosco alirekodi "Masanga" mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, na sahani hiyo ikasomesha wapiga gitaa kuanzia Lubumbashi mpaka Kakamega. Mwishoni mwa muongo huo alikuja Nairobi akarekodi na kutangaza dawa ya Aspro redioni. Wazee waliomwona kwa macho yao akipiga bado wapo wachache Kenya, na wana la kusema juu ya mkono ule ambalo sahani haiwezi kulionyesha.

Mifano hii mizuri ina kasoro moja ya pamoja: imetegemea watu wachache wenye moyo, wengi wao wakiwa na fedha za wafadhili wa nje. Vyombo vya umma vimekuwa nyuma. Tepu za Radio Tanzania zimo mikononi mwa TBC. KBC ina maktaba ya muziki iliyorithiwa tangu enzi ya Sauti ya Kenya. ZBC ina hazina ya taarabu. Hivi ni vituo vya taifa, vinalipiwa na kodi ya wananchi, na kazi ya kuweka mashahidi pamoja na nyimbo ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Kipindi cha zilipendwa cha saa moja kwa wiki, kinachopiga nyimbo na kutaja majina ya bendi, hakitoshi. Kituo kikitangaza kwamba wiki hii kinatafuta kila mtu aliyewahi kucheza dansi katika ukumbi fulani wa Tabora kati ya 1968 na 1975, simu zitapigwa, na kila simu ikirekodiwa ni hati.

Vyuo navyo vina nafasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Unguja vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Mada hizi hapa. Mwanafunzi mmoja apewe duka moja la zamani la santuri, mwingine bendi moja, mwingine mtaa mmoja, na kila mmoja arudi na sauti za wazee kumi zilizoandikwa tarehe na mahali. Gharama yake ni nauli na kifaa cha kurekodia. Wanaouza santuri sokoni wakishirikishwa, watakuwa walimu wazuri, maana wamesikia mbele ya makasha yao visa ambavyo hakuna profesa aliyevisikia.

Kwa mwenye sanduku la santuri nyumbani, la baba, la shangazi au la babu, ombi ni moja. Usiliuze wala usiligawe kabla ya kukaa na mtu mzima wa nyumba anayezijua. Mtolee sahani moja moja, mpe aishike, muulize aliinunua wapi na kwa shilingi ngapi, nani alikuwepo ilipopigwa, nani alikuwa akicheza na nani, na wimbo huo hakutaka kuusikia tena baada ya nini. Rekodi kwa simu, taja tarehe, taja namba iliyopo kwenye lebo, mpatie mwingine wa familia nakala. Kama baadaye mtakubaliana kuuza, karatasi ya maelezo hayo iende pamoja na sahani kwa mnunuzi, awe wa Nairobi au wa London. Fanyeni hivyo Idi hii au Krismasi hii, watu wakiwa wamekusanyika.